Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka



Wahenga wetu walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumeirithi tangu utotoni, na kwa kawaida twaitumia kumwonya mtu anayetegemea msaada wa ndugu aliye ng'ambo ilhali na jirani yake hapatani. Siku hizi wapo watu wenye elimu kubwa wanaotuambia kwamba methali hiyo imepitwa na wakati. Wanasema kwamba daktari aliye Dar es Salaam, Nairobi au hata Ulaya aweza kumhudumia mgonjwa aliye kijijini kwa njia ya simu; kwamba damu yaweza kupelekwa hospitali kwa ndege isiyo na rubani; kwamba mashine zenye akili mnemba zaweza kusoma picha ya mapafu na kutambua dalili za kifua kikuu. Kwa maneno mengine, wanatuambia kwamba fimbo ya mbali sasa inaua nyoka.

Katika makala haya napenda tulitafakari dai hilo pamoja. Silibezi, maana sehemu yake kubwa ni kweli. Lakini ninayo sababu ya kulitafakari kwa uchungu, kwa kuwa nyoka ninayemkumbuka mimi hakuwa nyoka wa methali.

MGUU WA KIJANA

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya Jumanne katika majira ya masika, nilikuwa nakaribia kuketi mezani kwa chakula cha mchana simu yangu ilipopokea picha. Ilitoka kwa katekista wa kigango kilicho ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari wakati barabara ni kavu. Picha ilionyesha mguu wa kijana wa miaka 14, umevimba kuanzia kifundo hadi karibu na goti, ngozi imeanza kubadilika rangi, na kamba ya katani imefungwa kwa nguvu chini ya goti. Kijana alikuwa ameumwa na nyoka asubuhi akichunga mbuzi.

Niliituma picha ile kwa rafiki yangu niliyesoma naye seminari ndogo, ambaye sasa ni daktari katika mji mkubwa. Hazikupita dakika kumi akajibu. Alisema kwamba kwa uvimbe ule, na kwa jinsi nyoka mwenyewe alivyoelezwa, huenda alikuwa kifutu. Aliagiza kamba ifunguliwe, mguu usichanjwe wala usinyonywe, kijana alazwe bila kutembezwa, na apelekwe upesi mahali penye dawa ya kupooza sumu. Niliyafikisha maneno hayo kwa katekista kama yalivyo. Kamba ikafunguliwa. Nikamshukuru Mungu kwa maendeleo ya dunia, nikanawa mikono, nikala.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, nami naliungama mbele yenu. Gari la parokia lilikuwa limeegeshwa uani, nalo lilikuwa na mafuta. Mimi mwenyewe sikuwa na kazi isiyoweza kusubiri. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeuona mguu ule, na kwa kuwa daktari naye ameuona, moyo wangu ulitulia kana kwamba tumekwisha kumfikia mgonjwa. Nilidhani ndugu zake watapata bodaboda. Saa 10 jioni katekista akapiga tena: hakuna mwendesha bodaboda aliyekubali, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kunyesha milimani na mto unajaa. Nilipofika kivukoni jua lilikuwa limekuchwa na maji yamefunika daraja. Kijana alivushwa kesho yake asubuhi, amebebwa juu ya kitanda. Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na dawa ile. Ya pili ilikuwa nayo, lakini nyama ya mguu ilikuwa imekwisha kuharibika. Waliukata chini ya goti.

Yule daktari hakukosea hata neno moja. Simu haikuharibika. Picha ilikuwa safi, mtandao ulikuwa mzuri. Kila chombo kilifanya kazi yake, na kijana akapoteza mguu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa tulichokikosa.

HADITHI YA NDUGU WATATU

Jibu langu nimelipata mahali nisipopatarajia, nalo ni katika hadithi. Watu wengi hudhani kwamba ndoto ya kumponya mgonjwa aliye mbali imeanza na wazungu wa kompyuta. Sivyo. Binadamu ameiota ndoto hii kwa karne nyingi.

Katika Alfu Lela Ulela imo hadithi ya wana watatu wa mfalme waliosafiri kila mtu njia yake. Hadithi hiyo iliingia katika mkusanyiko huo kwa mkono wa Mfaransa Antoine Galland, aliyesimuliwa mwaka 1709 na kijana Mkristo wa Aleppo, nchini Syria, aitwaye Hanna Diyab. Wa kwanza alinunua busati liwezalo kuruka. Wa pili alinunua mwanzi wa pembe ya ndovu wa kumwonea mtu yeyote popote alipo. Wa tatu alinunua tofaa ambalo mgonjwa akilinusa tu hupona. Walipokutana njiani wakatazama katika ule mwanzi, wakamwona binti wa kifalme ambaye wote watatu walimpenda yu karibu kufa. Wakapanda busati, wakafika kitandani pake, wakamnusisha tofaa, akapona. Ndipo ugomvi ulipozuka: ni nani kati yao aliyemwokoa?

Huku kwetu Afrika nako zimesimuliwa ngano za namna hiyo, zenye kitu cha kuonea mbali, kitu cha kusafiria na dawa, na msimulizi huwaachia wasikilizaji swali wabishane hadi usiku. Baba yao wale wana wa mfalme aliamua kwa hekima kwamba hakuna anayeweza kujidai peke yake. Bila mwanzi wasingalijua. Bila busati wangalijua na wasifike. Bila tofaa wangalifika na kusimama kando ya kitanda wakilia.

Ndugu wapendwa, sisi siku ile tulikuwa na mwanzi, tena mwanzi bora kuliko ule wa hadithi. Busati lilikuwapo uani kwa paroko, likakaa. Tofaa lilikuwa hospitali ya pili. Kosa la wakati wetu ni kwamba mwanzi umekuwa rahisi na wa bei nafuu, unauzwa kila duka, wakati busati na tofaa vimebaki ghali. Nasi tumeanza kuuita mwanzi peke yake kwa jina la tiba.

Ndoto hiyo ilihamia pia katika magazeti na vitabu vya nchi za viwanda. Mwezi Aprili 1924 gazeti la Marekani liitwalo Radio News lilichapa katika jalada lake mchoro wa mtoto akiwa mbele ya chombo kinachoonyesha sura ya daktari. Wakati huo televisheni ilikuwa bado haijaonyeshwa hadharani. John Logie Baird aliionyesha London mwezi Januari 1926. Ubunifu wa mchoraji ulitangulia fundi, na tusidharau jambo hilo, kwani watu hutengeneza kile walichokwisha kukiona kwa macho ya moyo. Lakini miaka 15 kabla ya mchoro huo, mwandishi Mwingereza E. M. Forster alikuwa amekwisha kutoa onyo. Katika hadithi yake ya mwaka 1909, The Machine Stops, watu wanaishi chini ya ardhi, kila mtu chumbani mwake peke yake. Mtu akionekana kuugua, chombo cha tiba hushuka chenyewe kutoka darini. Wanazungumza na maelfu ya wenzao kwa njia ya mashine, na kugusana wanakuona kuwa ni jambo la kuchukiza. Mwandishi huyo hakuona hatari katika kuharibika kwa mashine tu. Aliiona pia pale mashine ilipokuwa nzima, na watu wamesahau kwamba wao ni majirani.

KISU CHA MKUU WA POSTA

Tuyaache sasa mambo ya kubuni, tutazame tukio lililotokea kweli.

Mwaka 1917, katika kijiji cha Halls Creek kaskazini-magharibi mwa Australia, mchunga ng'ombe aliyeitwa Jimmy Darcy aliangushwa na farasi akaumia vibaya sehemu ya kibofu cha mkojo. Hapakuwa na daktari karibu. Alikuwapo mkuu wa posta, F. W. Tuckett, aliyekuwa amejifunza huduma ya kwanza, na ulikuwapo waya wa telegrafu. Kwa waya huo Tuckett alimpata daktari Holland wa mji wa Perth, umbali wa kilomita zaidi ya 2,000. Daktari akamwagiza apasue. Tuckett akajibu kwamba hana vyombo wala ujuzi. Daktari akauliza, je, huna kisu cha mfukoni? Basi mkuu wa posta akampasua mwenzake kwa kisu cha mfukoni, bila dawa ya usingizi, akifuata maelekezo yanayofika kwa milio ya telegrafu.

Operesheni ile ilifaulu. Hata hivyo hali ya mgonjwa haikutengemaa, na daktari Holland akaondoka mwenyewe. Alisafiri kwa meli ya kubeba ng'ombe hadi Derby, kisha kwa motokaa iliyoharibika mara kwa mara, na mwisho kwa farasi. Alipofika baada ya siku nyingi aliambiwa kwamba Darcy alikufa siku iliyotangulia. Alipouchunguza mwili aliona kwamba kazi ya Tuckett ilikuwa nzuri. Kilichomwua mgonjwa ni malaria, pamoja na jipu la ndani ambalo hakuna aliyelitambua.

Tukio hilo linatufundisha mambo mawili. La kwanza, ujuzi waweza kusafiri: mtu wa kawaida mwenye moyo, akielekezwa vema, aweza kutenda makubwa. La pili, anayetazama kwa mbali huona kile alichoulizwa tu. Daktari aliulizwa juu ya kibofu akajibu juu ya kibofu. Malaria, ambayo mwuguzi wetu yeyote wa zahanati angeihisi kwa kumgusa mgonjwa paji la uso na kumwona akitetemeka, haikupita katika waya.

Waaustralia hawakuukata waya baada ya msiba huo, waliuongezea busati. Mchungaji wa Kipresbiteri John Flynn, aliyeguswa na kifo cha Darcy, alihangaika miaka mingi hadi ndege ya kwanza ya daktari iliporuka kutoka mji wa Cloncurry mwezi Mei 1928. Mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, ili mama aliye shambani aweze kumwita daktari huyo. Redio ilikuwa ya kuita, ndege ilikuwa ya kufika. Mpango huo ulijulikana hata huku Afrika ya Mashariki, ambako mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaiita AMREF. Hospitali nyingi za misioni zilizokuwa porini ziliunganishwa na Nairobi kwa redio, na nyuma ya sauti ya redio ilikuwapo ndege.

REDIO CHINI YA MWEMBE

Wazee wetu hapa Tanzania wanayo kumbukumbu nyingine iliyo bora zaidi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza mafundisho juu ya malaria, kichocho, kuhara na maji safi, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Lakini hawakuachwa wasikilize kila mtu kivyake. Walikusanyika katika vikundi, wenye kiongozi aliyefunzwa na kitabu kidogo cha masomo. Wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Redio ilikuwa moja na sauti yake ilitoka mbali. Majembe yalikuwa ya majirani.

Ipo mifano ya siku za karibuni pia. Tangu Oktoba 2016, nchini Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu kutoka Muhanga hadi hospitali za vilimani, na kuidondosha kwa mwavuli. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja gari lipande na kushuka milima. Hapa kwetu upo mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, na ambao mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kuenezwa kwake nchi nzima. Kwa mpango huo ndugu wa mama mjamzito au wa mtoto mchanga hupiga simu namba 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza maswali, kisha huita gari la wagonjwa, au, lisipopatikana, dereva wa kawaida aliyejiandikisha hapo jirani, naye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Angalieni jinsi simu ilivyotumika hapo: inaamsha gari.

Hata lile tendo lililowashangaza watu duniani tarehe 7 Septemba 2001, pale daktari Jacques Marescaux na wenzake wakiwa New York walipomtoa kibofu cha nyongo mama aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, kwa mikono ya mashine iliyoongozwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, halikuwa kazi ya mashine peke yake. Chumbani mwa mgonjwa walikuwamo madaktari wengine, wamesimama tayari kumwokoa kama mawasiliano yangekatika. Matajiri walipoijaribu fimbo ya mbali hawakuthubutu kuijaribu bila fimbo ya karibu. Kwa nini basi maskini waambiwe kwamba ya mbali inawatosha?

NENO NA MGUSO

Tukifungua Injili ya Mathayo, sura ya 8, tunakuta mambo mawili yamewekwa bega kwa bega. Kwanza anakuja mwenye ukoma, naye Bwana ananyosha mkono na kumgusa, ingawa sheria na desturi ziliwaweka watu kama yeye mbali na wenzao. Mara baada yake anakuja akida wa Kirumi akimwombea mtumishi wake aliyelala nyumbani amepooza, naye Bwana anamponya yule mtumishi pasipo kuingia nyumbani mwake, kwa neno tu. Kwa hiyo wasije watu wakasema kwamba Kanisa linachukia uponyaji wa mbali.

Lakini tusisahau kwamba Yesu alikuwa tayari kwenda. Akida ndiye aliyejiona hastahili. Na akida mwenyewe hakupeleka taarifa akarudi zake kula. Alitoka, akatafuta, akaomba. Mtumishi yule, mtu wa chini kabisa katika nyumba ile, alikuwa na mtu wa kumhangaikia. Neno la mbali lilimponya mtu ambaye tayari alikuwa na jirani.

Ninyi mnajua kwamba Mpako wa Wagonjwa hautolewi kwa simu. Padre hana budi kwenda, hata usiku, na kuugusa mwili wa mgonjwa kwa mafuta. Nimepata kuwaza kwamba kama siku ile katekista angaliniomba mafuta matakatifu badala ya ushauri wa daktari, ningaliondoka mara moja na ningalivuka mto kabla haujajaa. Wazo hilo linanisumbua hadi leo.

HAKI INADAI NINI

Kuna watakaouliza: Padre, je, si heri picha kuliko kukosa kabisa? Swali hilo ni la haki. Naam, ni heri. Kamba ilifunguliwa kwa sababu ya picha ile, na bila shaka ushauri ule ulimsaidia kijana. Kwa mkunga aliye peke yake kituoni usiku, sauti ya daktari bingwa katika simu ni neema. Sitaki mtu yeyote atumie makala haya kuwakataza waamini wasipige simu.

Ninachokikataa ni pale simu inapogeuzwa kuwa sababu ya kutompeleka mwuguzi. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitangaza kwamba huduma ya msingi ya afya iwe karibu kadiri iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli humhusu kila mtu, na humhusu mtu katika ukamilifu wake. Kwa kipimo hicho, kijiji kilichopewa skrini lakini hakina tabibu, hakina dawa wala barabara inayopitika masika, hakijaendelezwa. Kimefanywa kionekane. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto wao. Hawakusahauliwa kwa sababu ya kukosa picha zao. Wamesahauliwa kwa sababu dawa yao ni ghali na wao hawana fedha.

Liko na jambo la heshima. Picha ya mguu ule, baada ya kufika kwangu, ilionekana pia katika makundi ya simu ya watu wasiohusika, wengine wakiipeleka pamoja na maneno ya mzaha. Mwili wa mgonjwa si habari ya kupitishwa mkono kwa mkono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya za mtu. Lakini hata kama isingekuwapo sheria, Mkristo angepaswa kujua hivyo.

TUFANYE NINI

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa parokia na vigango vyetu.

Kwanza, iwe desturi katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo kwamba anayepokea habari ya mgonjwa kwa simu ahesabu kuwa kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Aende mwenyewe, au amtaje mtu anayekwenda, kabla ya kuweka simu chini. Mgonjwa haulizwi uji; anapelekewa.

Pili, kila kigango kiwe na orodha ya magari na pikipiki zinazoweza kuitwa usiku, pamoja na mfuko mdogo wa mafuta usiotegemea huruma ya siku hiyo. WAWATA wameonyesha mara nyingi kwamba fedha kidogo zikitunzwa kwa uaminifu hutenda mengi. Namba 115 ibandikwe mlangoni mwa kanisa ili kila mama aijue kwa moyo.

Tatu, Kamati za Haki na Amani zihudhurie mikutano ya kijiji na kuuliza bila woga wala matusi: je, zahanati yetu ina mwuguzi anayelala hapa? Dawa ya sumu ya nyoka inapatikana wapi, na njia ya kufika huko inapitika masika? Na chombo kipya kikiletwa, kabla ya utepe kukatwa, tuulize ni nani atakayekitengeneza kikiharibika, na kikituonyesha mgonjwa, ni nani atakayemwendea.

Nne, picha ya mgonjwa itumwe kwa mganga peke yake, kwa idhini ya mgonjwa au wazazi wake, na ikishatumika ifutwe.

Jambo hilo la mwisho nilifundishwa na kijana mwenyewe. Siku hizi anatembea kwa mguu wa bandia na anaimba kwaya. Mwaka jana baada ya Misa alinifuata sakristia, akaniamkia, kisha akasema, "Padre, ile picha ya mguu wangu bado unayo kwenye simu?" Nilikuwa nayo. Sikuwa nimepata ujasiri wa kuifuta, na labda nilidhani kwamba kuitunza ni namna ya kutubu. Akaomba aione. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba huo ulikuwa mguu mzuri na kwamba alikuwa hodari wa mpira. Tukaifuta pamoja. Halafu akaniuliza kama Jumapili ijayo nitakwenda kigangoni kwao, maana bibi yake ni mgonjwa. Nilimwambia kwamba sitangoja Jumapili. Tulikwenda alasiri ile ile.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya:

1. Mara ya mwisho tulipopata habari ya mgonjwa kwa simu, ni nani kati yetu aliyemwendea, na baada ya saa ngapi?

2. Katika kijiji chetu, kati ya mwanzi, busati na tofaa, ni kipi tulicho nacho na ni kipi kinachokosekana? Ni nani mwenye wajibu wa kukileta?

3. Je, tumewahi kupitisha picha ya mgonjwa au marehemu kwa watu wasiohusika? Tufanye nini ili kurudisha heshima yake?